Taa Zinazowaka kwa Mwendo: Namna ya Kuchagua Taa ya Nje kwa Ulinzi wa Nyumba

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, na siku hizi hata kwa wachuuzi wa kando ya barabara, taa za nje zinazowaka zenyewe mtu anapopita zimekuwa bidhaa ya kawaida. Mafundi na wauzaji huziita taa za sensa, neno ambalo wengi wetu tumelizoea kwa maana ya kuhesabiwa watu. Na pengine jina hilo si baya, maana kazi ya taa hizi ni kumhesabu kila aingiaye uani. Katika somo hili tutakiita kifaa kinachotambua mwendo kihisi, na taa yenyewe taa ya kihisi.

Anayenunua taa hii aghalabu hununua kwa sababu ya hofu. Geti la jirani limevunjwa, au nguo zimetoweka kwenye kamba, au mama mwenye nyumba huamka saa kumi alfajiri kwenda Feri kununua samaki wa biashara na hulazimika kuvuka uwanja gizani peke yake. Mwenye hofu hununua kwa haraka, na bidhaa duni hupata wanunuzi wake miongoni mwa wenye haraka. Taa isiyowaka siku inapohitajika ina madhara kuliko kukosa taa kabisa, kwa kuwa mwenye nyumba amekwisha kuitegemea na ameacha tahadhari alizokuwa nazo. Ndiyo sababu tumeona inafaa kulieleza jambo hili kwa kina kidogo, kuanzia jinsi kihisi kinavyofanya kazi, kwa maana makosa mengi ya ununuzi na ya ufungaji hutokana na kutolijua hilo.

Tuseme pia mapema kwamba mwanga peke yake haumzuii mwizi. Mwaka 2016 watafiti waliweka taa za muda katika baadhi ya mitaa ya nyumba za umma jijini New York, na wakaona uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ukipungua kwa takriban asilimia 36. Kwa upande mwingine, utafiti uliotolewa mwaka 2015 kuhusu Uingereza na Wales ulichunguza maeneo ambako taa za barabarani zilizimwa au kupunguzwa mwanga usiku, na haukuona ushahidi kwamba uhalifu uliongezeka. Tafiti zote mbili zilihusu taa za mitaani, wala si za nyumbani, lakini zinatosha kutuonya dhidi ya muuzaji anayeahidi kwamba taa moja itamaliza wizi. Kwa maoni yetu, taa ya kihisi huleta faida pale penye macho ya kuona ilichokimulika: mwenye nyumba, jirani, mlinzi au hata mbwa. Uwanja uliozungukwa na ukuta mrefu, usioonekana na yeyote, ukimulikwa bila kuwapo mtu wa kutazama, mwanga huo waweza kumsaidia mwizi aone kufuli analolivunja.

Kihisi kinaona nini

Taa nyingi zinazouzwa nchini zina kihisi kinachotambua joto. Kila mwili wenye joto, wa mtu au wa mnyama, hutoa miali isiyoonekana kwa macho iitwayo infraredi. Nyuma ya kifuniko cheupe cha plastiki kinachofanana na nusu ya yai kuna kipande kidogo kilichogawanywa sehemu mbili. Kifuniko hicho si pambo. Ni lenzi iliyokatwa vipande vingi, nayo huugawa uwanja katika kanda nyembamba mithili ya vipande vya keki. Mtu anapovuka kutoka kanda moja kwenda nyingine, joto lake huangukia sehemu moja ya kile kipande kabla ya nyingine, na tofauti hiyo ndiyo inayowasha taa. Joto likibadilika polepole na kwa usawa uwanjani kote, kama jua linapozama, sehemu zote mbili hubadilika pamoja na taa haiwaki.

Maelezo haya mafupi yana matokeo makubwa kwa mnunuzi. La kwanza ni kwamba kihisi humwona vizuri mtu anayekatiza mbele yake, na humwona kwa shida mtu anayekijia moja kwa moja, kwa kuwa huyo hubaki ndani ya kanda ileile kwa muda mrefu. Wengi hufunga taa juu ya mlango ikitazama geti, kisha hushangaa kwamba mgeni hufika hatua tatu kutoka kizingitini ndipo taa iwake. Taa ileile ikifungwa kwenye ukuta wa ubavuni, ili njia ya kutoka getini hadi mlangoni ipite mbele yake kwa ubavu, humtambua mtu akiwa bado mbali. Mabadiliko hayo hayagharimu chochote zaidi ya kutoboa tundu mahali pengine.

La pili linahusu hali yetu ya hewa. Kihisi cha joto hupima tofauti kati ya mwili na vitu vilivyo nyuma yake. Katika miji ya pwani, miezi ya joto kali, ukuta wa tofali ulioota jua mchana kutwa hubaki na joto hadi usiku, na sakafu ya saruji vivyo hivyo. Tofauti hiyo ikipungua, kihisi huona karibu zaidi kuliko kilivyoandikiwa. Boksi likisema mita 12, mlaji wa Dar es Salaam au Tanga asipange ulinzi wake kwa mita 12. Apange kwa mita saba au nane na ashukuru ikizidi. Mkazi wa Njombe au Lushoto ana bahati katika jambo hili, kwa sababu baridi humfanya mtu aonekane waziwazi.

La tatu, ambalo hata baadhi ya wauzaji hawalijui, ni kwamba miali hii haipenyi kioo cha kawaida. Taa ya kihisi haiwezi kuwekwa ndani ya dirisha ili itazame nje. Kwa sababu hiyohiyo, zile balbu zenye kihisi mbele yake, zinazoingia katika soketi ya kawaida ya balbu, hazifai kutiwa ndani ya globu ya kioo iliyopo barazani. Zitakaa humo zikiwa vipofu. Balbu za aina hiyo pia hazikutengenezwa kuvumilia mvua, hivyo mahali pake ni kibarazani chini ya paa, katika soketi iliyo wazi.

Ipo aina ya pili ya kihisi, inayotumia mawimbi ya redio, ambayo mafundi huiita rada. Hii hutuma mawimbi na kupima jinsi yanavyorudi. Haijali joto la ukuta, na humwona hata anayeijia moja kwa moja, kwa hiyo ni hodari katika hali zilezile zinazokishinda kihisi cha joto. Tatizo lake ni kwamba mawimbi hupenya mbao, kioo na kuta nyembamba. Katika mtaa uliobanana, ambako uwanja unatenganishwa na njia ya wapita kwa miguu kwa uzio wa mbao au wa michongoma, taa ya rada itawaka kwa kila apitaye, usiku kucha, mpaka mwenye nyumba na majirani waache kuitazama. Tunaishauri kwa korido, ngazi na kiwanja kikubwa chenye ukuta mzito. Kwingine kihisi cha joto kinatosha. Namna rahisi ya kuzitofautisha dukani ni kutafuta kile kifuniko cheupe cha umbo la yai. Taa isiyokuwa nacho, lakini inayodaiwa kutambua mwendo, yaelekea ni ya rada, au haina kihisi cha mwendo kabisa na inawaka tu giza linapoingia. Aina hii ya mwisho huuzwa kwa jina lilelile la taa ya sensa, na muuzaji hasemi uongo kamili, kwa maana kweli inahisi: inahisi giza.

Mwanga wa kutosha, wala si wa kupofusha

Wanunuzi wengi huuliza wati. Wati ni kipimo cha umeme unaotumika. Kipimo cha mwanga unaotoka ni lumeni. Balbu za zamani za halojeni zilizokuwa zikifungwa katika taa za ulinzi zilitumia wati 150 na zaidi. Taa ya LED ya wati 10 iliyotengenezwa vizuri hutoa takriban lumeni 800 hadi 1,000, na kiasi hicho kinatosha uwanja wa nyumba ya kawaida. Kwa njia ya kwenda chooni au bafu la nje, lumeni 300 ni nyingi.

Mwanga mkali kupita kiasi una kasoro ambayo haionekani mpaka usiku wa kwanza. Jicho lililozoea giza likikutana na taa kali hupofuka kwa muda, na kila kilicho nyuma ya taa au pembeni yake hugeuka kivuli kizito. Mtu aliyesimama nyuma ya mgomba, hatua mbili nje ya duara la mwanga, haonekani kabisa. Ndiyo maana tunapendelea taa mbili za kadiri zilizofungwa pembe tofauti za nyumba kuliko taa moja ya kutisha. Taa ielekezwe chini, uso wake ukitazama ardhi, wala usitazame dirisha la jirani au barabara ambako dereva wa bodaboda anaweza kupofushwa. Wenye nyumba zilizo ufukweni wana wajibu wa ziada: kasa wadogo wanaoanguliwa usiku huifuata nuru wakidhani ni bahari, na taa inayotazama mchangani huwapoteza.

Kuhusu rangi ya mwanga, boksi huandika namba ikifuatwa na herufi K. Namba 3000 ni mwanga wa manjano, 6500 ni mweupe wenye ubuluu. Mweupe husaidia kutambua rangi ya nguo na sura, lakini huvuta wadudu wengi zaidi, na wadudu huvuta mijusi, na mjusi akipita juu ya kifuniko cha kihisi huiwasha taa. Namba 4000 ni wastani mzuri.

Umeme wa gridi au wa jua

Hapa ndipo fedha nyingi za walaji hupotea, nasi tutakaa kidogo.

Taa ya umeme wa gridi ina nguvu ya uhakika umeme unapokuwapo, na haina betri ya kuchakaa. Udhaifu wake ni kwamba umeme ukikatika nayo huzimika, na usiku wa giza la mtaa mzima ndio usiku ambao mwenye nyumba angependa iwake kuliko wakati mwingine wowote. Umeme unaporudi, kihisi huhitaji nusu dakika hadi dakika moja kuamka, na taa nyingi huwaka mfululizo kwa muda huo. Hilo si hitilafu.

Wengine hununua taa ya kihisi wakitarajia kuokoa umeme wa LUKU. Tuhesabu. Taa ya LED ya wati 10 ikiwashwa saa 12 kila usiku hutumia wati-saa 120, yaani uniti 3.6 kwa mwezi. Ikiwa na kihisi, na ikawaka mara 40 kwa usiku, dakika moja kila mara, hutumia uniti 0.2 tu kwa mwezi, lakini kihisi chenyewe hula umeme kidogo saa zote. Kikila nusu wati, hiyo ni uniti 0.36 nyingine. Akiba ni uniti tatu kwa mwezi, na msomaji anaweza kuizidisha kwa bei anayolipia. Hali ni tofauti kwa anayetumia bado taa ya halojeni ya wati 150: ikiwaka usiku kucha humaliza uniti 54 kwa mwezi. Huyo atafidia bei ya taa mpya upesi. Mwenye LED anunue kihisi kwa ajili ya ulinzi na raha, akiba iwe nyongeza.

Taa ya jua haina waya wa kuvuta, hufungwa na mtu yeyote mwenye ngazi na bisibisi, na haijali kukatika kwa umeme. Lakini hakuna bidhaa ambayo boksi lake hupaswa kusomwa kwa mashaka zaidi kuliko hii. Msomaji amepata kuona taa ya jua iliyoandikwa wati 200 ambayo paneli yake ina ukubwa wa daftari la shule. Jua la adhuhuri, pasipo wingu, huleta takriban wati 1,000 katika kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza karibu sehemu ya tano ya hizo kuwa umeme. Paneli ya sentimita 20 kwa 15 ina eneo la mita za mraba 0.03. Jua huiangushia wati 30, nayo hutoa wati 6, na hapo ni katika hali bora kabisa. Hakuna ufundi wa kiwandani unaoweza kuzigeuza wati hizo 6 kuwa 200. Rula ya mwanafunzi inatosha kumkamata muuzaji wa namna hiyo, na tunawasihi walaji waende nayo dukani bila aibu.

Betri nayo ina mpaka wake. Nyingi za taa hizi hutumia betri ya lithiamu ya umbo la kidole kinene, iliyoandikwa 18650, yenye volti 3.7. Betri bora ya ukubwa huo kwa kawaida haizidi mAh 3,500. Iliyoandikwa 9,900 imeandikwa uongo. Tuchukue betri ya kweli ya mAh 2,000. Inahifadhi wati-saa 7.4. Taa yake ikiwa ni ya wati 10 halisi, betri itaiwasha kwa dakika 44 tu. Mtu akisikia dakika 44 hukata tamaa, lakini hapo ndipo kihisi kinapoonyesha thamani yake: ikiwa taa huwaka kwa sekunde 30 kila mtu anapopita, dakika hizo ni sawa na kuwaka mara 88, na uwanja wa nyumba moja haupitiwi mara 88 kwa usiku.

Taa nyingi za jua huwa na kitufe cha kuchagua moja ya mitindo mitatu: kuwa gizani mpaka mtu apite, kuwaka hafifu kisha kung'ara mtu anapopita, au kuwaka hafifu mfululizo bila kujali mwendo. Mtindo wa pili hupendwa kwa sababu nyumba haibaki gizani. Basi tuulize betri yetu: mwanga hafifu ukila wati moja, betri ya wati-saa 7.4 itakwisha katika saa saba na dakika chache. Taa iliyoanza kazi saa 12:30 jioni itazimika kabla ya saa nane usiku, na yule mama wa Feri atatoka saa kumi akiwa gizani kama zamani. Mwenye taa atasema taa ni mbovu, kumbe amechagua mtindo usiolingana na betri. Kwa taa ndogo, mtindo wa kwanza ndio wa kutumia. Anayetaka mwanga hafifu usiku kucha anunue taa yenye betri mbili au tatu, pamoja na paneli inayolingana nazo.

Wakati wa masika hesabu hupungua tena. Siku ya mawingu mazito paneli hupata sehemu ndogo ya jua tulilolitaja, hivyo ni busara kununua taa ambayo betri yake iliyojaa hutosha usiku mbili. Paneli iliyounganishwa na taa ina tatizo la mahali: taa huhitaji kuwa chini ya paa, paneli huhitaji kuwa juani, na haziwezi kuwa pote. Tunapendekeza aina yenye paneli ya pekee iliyounganishwa kwa waya wa mita chache, ili paneli ikae juu ya bati na taa ibaki ukutani. Kwa kuwa nchi yetu yote iko kusini mwa ikweta, paneli itazame kaskazini na iinamishwe kidogo, walau kiasi cha mvua kuweza kuisafisha. Vumbi la barabara ya udongo laweza kula sehemu kubwa ya umeme wake. Kitambaa chenye maji mara moja kwa wiki mbili katika kiangazi kinatosha.

Muulize muuzaji kama betri inabadilishwa. Taa iliyofungwa kwa skrubu hufunguliwa na kutiwa betri mpya. Iliyobandikwa kwa gundi hutupwa yote. Betri za lithiamu feri fosfati huvumilia joto na kuchajiwa mara nyingi kuliko za kawaida, na kama tofauti ya bei si kubwa, zinafaa kulipiwa.

Anayeweza kumudu taa mbili tungemshauri agawanye: ya gridi mbele, ya jua nyuma. Usiku umeme ukikatika, nyuma kuna mwanga. Wiki ya mvua, mbele kuna mwanga.

Maji, chumvi na waya

Kila taa ya nje inapaswa kuwa na herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza ni kinga dhidi ya vumbi, ya pili dhidi ya maji. IP44 huvumilia maji ya kurushiwa, nayo yafaa chini ya upenu. Ukutani pasipo paa itafutwe IP65, ambayo haipitishi vumbi na huvumilia maji yanayopigwa kwa nguvu. Taa isiyo na namba hii ichukuliwe kuwa ni ya ndani. Pwani, hewa ya chumvi hula skrubu na fremu za chuma ndani ya misimu michache. Plastiki nzito au aluminiamu iliyopakwa rangi vizuri hudumu zaidi, na skrubu za chuma kisichoshika kutu zinunuliwe kando hata kama boksi limekuja na zake.

Taa ya gridi ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Hapa hatutoi nasaha ya desturi tu. Umeme wetu ni wa volti 230, taa ya nje hulowa, na fremu ya chuma isiyounganishwa na waya wa ethi inaweza kumuua mtoto anayeigusa baada ya mvua. Fundi aulizwe pia swichi ya taa itakaa wapi. Ikiwa ni swichi ileile ya baraza, mtu mmoja wa nyumbani ataizima kwa mazoea kila anapokwenda kulala.

Kufunga na kujaribu

Urefu unaofaa ni mita mbili na nusu hadi tatu. Chini ya hapo taa hugeuzwa uso na wakorofi, na taa za jua huibwa zenyewe; juu sana, eneo lililo chini yake hubaki bila kuonwa. Iepushwe na mashine ya nje ya kiyoyozi, bomba la moshi la jenereta, jiko la mkaa na matawi yanayochezeshwa na upepo, kwa kuwa vyote huiwasha bure. Nyumba yenye paka au kuku wanaolala uani, kihisi kiinuliwe kidogo kisitazame ardhi ya karibu, au sehemu ya chini ya kifuniko ifunikwe kwa utepe wa umeme. Ni dawa ya senti chache na hufanya kazi.

Taa nyingi za gridi zina vishikizo vitatu vidogo vya kuzungusha. LUX huamua giza kiasi gani liingie kabla taa haijaanza kazi, TIME huamua itawaka muda gani, na SENS huamua wepesi wa kuhisi. Siku ya kwanza, mchana, LUX iwekwe kwenye alama ya jua na TIME iwe fupi kabisa. Kisha mtu mmoja atembee uwanjani kutoka kila upande ambao mgeni asiyealikwa angeweza kuingia, na mwingine aweke alama ya chaki pale taa inapowaka. Aruke pia kutoka kwenye ukuta wa nyuma, kama hakuna anayecheka. Alama zikiungana, mtaona wazi ni pembe ipi haionwi. Baada ya hapo LUX irudishwe kwenye alama ya mwezi, na TIME iwe kati ya nusu dakika na dakika moja. Muda mrefu zaidi hupunguza faida ya mshtuko: jirani huacha kugeuka kutazama taa inayowaka dakika kumi kila mara.

Kabla ya kulipa, na baada ya kulipa

Dukani, taa iwashwe mbele ya mnunuzi. Akisubiri ile dakika ya mwanzo ipite, afunike kihisi cha mwanga kwa kiganja ili taa idhani ni usiku, kisha mwenziwe apite mbele. Taa ya jua yaweza kujaribiwa vivyo hivyo ikiwa ina chaji. Muuzaji akisema haina chaji, mnunuzi arudi kesho, itakuwa imewekwa juani. Boksi linapaswa kuwa na jina la mtengenezaji, lumeni, wati, namba ya IP na maelekezo yanayosomeka. Atafute pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS.

Risiti ya kielektroniki idaiwe hata kwa taa ya bei ndogo, na muda wa dhamana uandikwe juu yake pamoja na muhuri wa duka. Dhamana ya mdomo hufa mara tu muuzaji anapobadilishwa. Boksi litunzwe mpaka dhamana iishe, maana ndilo lenye madai ambayo mlaji atahitaji kuyaonyesha. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya udanganyifu kuhusu bidhaa, na wati 200 katika paneli ya ukubwa wa daftari ni maelezo ya namna hiyo.

Taa ikishindwa, hatua ya kwanza ni kurudi dukani na taa, boksi na risiti. Muuzaji akikataa, malalamiko ya udanganyifu hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, na ya ubora hafifu wa bidhaa hupelekwa TBS. Barua iwe fupi: tarehe ya kununua, jina la duka, maneno yaliyoandikwa kwenye boksi, kilichotokea, na kile ambacho mlaji anataka, iwe ni kurudishiwa fedha au kubadilishiwa taa. Nakala za risiti na picha ya boksi ziambatishwe. Risiti halisi ibaki nyumbani.